Jitu la Chuma Litalala Wapi Kapata?

Hapa Kapata, mtaa wa Kolwezi huku Kongo, ukiulizwa kazi yako, kuna majibu yanayopita bila maswali. Unachimba. Unanunua kwa wanaochimba. Unaendesha lori, unaendesha pikipiki, unafundisha, unahubiri. Ukisema unaandika, utaulizwa kama ni barua za kuomba kazi kwenye makampuni, na ukiitikia tu, kesho asubuhi binamu wa mtu yuko mlangoni na kopi ya kitambulisho. Mimi hujibu kwamba naandika hadithi za majitu ya chuma yenye urefu wa ghorofa kumi, yanayokamatana miereka katikati ya Ziwa Malo huku dereva ameketi ndani ya kichwa. Watu hunyamaza kidogo. Halafu wanamgeukia mke wangu na kumpa pole.

Pole hizo zimenichosha. Kinachonichosha zaidi ni ushauri unaofuata: "Papa, andika mambo ya kweli." Mwalimu wa sekondari ananiambia hivyo. Padri ananiambia hivyo. Kijana wa kibanda cha fotokopi, anayenichapia vitabu vyangu na kunilipisha kila ukurasa, maoni yake juu ya sura ya mwisho hanilipishi hata faranga. Na wageni wanaokuja Kolwezi na kamera zao wakisikia kuna mwandishi Kapata, wanafurahi, wanataka kujua nimeandika nini kuhusu wachimbaji. Nikiwaambia kuhusu jitu lenye ngumi zinazoruka, wanafunga daftari. Mateso yapo, sikatai, nayaona nikifungua dirisha. Ila waandishi wa mateso ya Kolwezi wamejaa hotelini mpaka vyumba havitoshi, na kila mmoja amekuja kuandika kitabu kilekile. Wa majiroboti niko peke yangu, na bado naambiwa nimekosea njia.

Wanaosema hivyo wanaamini jitu la chuma ni kitu cha Wajapani, kimetuangukia kwa bahati mbaya kupitia televisheni. Nataka kuwauliza: mlishawahi kusimama kando ya barabara ya mgodi? Lori moja la kubebea mawe huko shimoni hubeba karibu tani 90 kwa safari moja. Kule Yokohama, Japani, kuanzia Desemba 2020 mpaka mwisho wa Machi 2024, walisimamisha jitu, Gundam wa kweli, mita 18 kwenda juu, tani 25 hivi, na watu walilipa kiingilio wamwone akipiga goti na kunyoosha mkono. Kiunoni alikuwa ameshikiliwa na mhimili asianguke. Lori letu lingebeba watatu wa namna hiyo kwenye sanduku lake, na nafasi ya mizigo ya dereva ingebaki. Mazinger Z, aliyezaliwa 1972 na kuwafundisha wengine wote kazi, waliomchora walimpa tani 20 tu: tungebeba wanne. Goldorak ndiye mzito. Tani 280. Malori matatu hayamtoshi, zinabaki tani kumi barabarani, nadhani ni zile pembe zake.

Hesabu hiyo nilimpigia jirani yangu anayeendesha hayo malori. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani angemlipa saa za ziada.

Lakini hoja yangu kubwa ni ya ukoo, na hapa naomba wazee wa mila wavute viti. Mwaka 1952 Mjapani mmoja, Osamu Tezuka, alianza kuchora hadithi za mtoto wa chuma anayeitwa Atom. Dunia nzima inamjua huyo mtoto: nywele mbili zimesimama, moto unatoka miguuni. Kwa roboti za Japani yeye ndiye kaka mkubwa. Sasa Atom ana dada na ana ndugu wa kiume. Dada anaitwa Uran. Ndugu anaitwa Kobalti.

Rudia polepole ukiwa umesimama Kolwezi. Urani na Kobalti.

Urani tunajua ilitoka wapi. Ilitoka Shinkolobwe, huku kwetu, upande wa Likasi. Mkubwa wa kampuni ya migodi ya Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameshaipeleka New York tani kama 1,200 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likaja kuyanunua. Mwisho wake ulikuwa Hiroshima, Agosti 1945, na juu ya hilo sina mzaha. Miaka saba baadaye nchi ile iliyoungua ikamchora mtoto mwenye nguvu za atomu ndani ya kifua, akitetea watu badala ya kuwaunguza. Na kobalti je? Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka hapahapa Lualaba, nyingine chini ya vitanda vya watu. Kule Kasulo waliikuta ndani ya viwanja vyao, na mwaka 2014 mtaa mzima ulikuwa unachimba, mtu akiingia chooni anajiuliza kama atarudi na ndoo au na gunia.

Kwa hiyo Uran ni mtoto wetu, Kobalti ni mtoto wetu, na Atom ni ndugu yao. Sisi ni wajomba. Wenye damu ya Wabemba na Wakaonde wanajua mjomba ni nani: bila yeye hapokelewi mtu, haposwi mtu, na mahari haiondoki pale ilipo. Tangu 1952 watoto hawa wanafanya kazi, wanaonyeshwa katika sinema, sura zao zinauzwa kwenye fulana na madaftari. Mjomba ameletewa nini? Hata mbuzi hakuletewa. Hata kitambaa cha shangazi. Na mwandishi wa Kapata akijaribu kumwandika mpwa wake, anaambiwa anaiga mambo ya wageni!

Wazee wa mtaani hawavutwi na hoja hii. Wao hukaa chini ya mwembe kila mchana na ubao wa dama, vifuniko vya Simba upande mmoja, vifuniko vya Tembo upande wa pili, wanapigiana kelele mpaka mbuzi wanahama. Mzee aliyestaafu kampuni ya migodi ya Gécamines, anayeheshimika kanisani, nimemsikia akiapa kwa mama yake kwa sababu Tembo mmoja amewala Simba wawili. Mzee huyohuyo ndiye aliniambia majiroboti ni michezo ya watoto. "Roketi, roketi," alisema, "wapi umeona roketi Katanga?"

Bahati yake mbaya alimuuliza mtu anayesoma. Mwaka 1977, tarehe 17 Mei, kampuni ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi kutoka kwenye uwanda wa juu kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa siku hizo. Rais Mobutu alikuwa amewapa eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi, kubwa kuliko nchi nyingine zenye bendera na wimbo wa taifa. Roketi yenyewe ilikuwa ya mabomba mengi yaliyofungwa pamoja, maana mwenye kampuni, Lutz Kayser, alitaka roketi ya bei rahisi. Kwa hilo tu angeweza kupewa uraia wa Kolwezi. Ya pili waliirusha tarehe 20 Mei 1978. Mzee wangu, kumbuka tarehe 19 Mei 1978 wewe ulikuwa wapi. Ulikuwa chini ya kitanda hapa Kolwezi, kwa sababu makomando wa Kifaransa walikuwa wanashuka na miavuli. Leo miavuli, kesho roketi, jimbo lilelile. Ya tatu, tarehe 5 Juni, ilifeli mbele ya Mobutu mwenyewe. Na tarehe 3 Julai mwaka huohuo televisheni ya Ufaransa ikaanza kuonyesha Goldorak, watoto wakaacha kula. Mtu akiniambia nimebuni mambo mengi kwenye vitabu vyangu, namwonyesha majuma saba ya mwaka 1978. Kama ningeyaandika mimi, kijana wa fotokopi angesema nimezidisha.

Mzee alifikiri. Akasema roketi ile ya tatu aliikumbuka, ni Mjerumani hakuwaona wenye ardhi. Akarudi kwa Tembo wake.

Basi mtu aliyekosa wasomaji atafute wachezaji, nikajisemea, na nikaenda kwenye ukumbi wa michezo. Usidanganyike na neno ukumbi. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya kambi, mojawapo ya zile nyumba za matofali zilizopangwa mstari kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi enzi za kampuni. Dirisha limezibwa kwa katoni ili jua lisiingie kwenye vioo. Kuna televisheni nne, mabenchi manne, mashine za PlayStation ambazo vifuniko vyake vinashikiliwa na utepe mweusi wa mafundi umeme, na feni inayozungusha joto lilelile. Kila kioo kina watoto kumi: wawili wanacheza, wanane ni makocha. Ukutani kuna karatasi: hakuna kukopa, hakuna kulia.

Na kila kioo, kila siku ya Mungu, ni mpira. Hili ndilo linalonitoa machozi. Mashine ile ina uwezo wa kumfanya mtoto wa Kapata awe chochote. Anaweza kuwa joka. Anaweza kuwa rubani, mchawi, mfalme wa bahari, jitu la mita 30 lenye shoka mabegani. Analipa faranga zake, anafikiri kwa makini, na anachagua kuwa beki wa kushoto. Tena wa timu ya Hispania, ambaye hata kwao hawamjui.

Nilimwomba mwenye ukumbi aniwekee mchezo wa majiroboti. Alinitazama kama daktari aliyesikia kikohozi asichokipenda, akaingia uvunguni mwa meza, akatoka na katoni ya sabuni iliyojaa sahani za michezo zilizokwaruzwa. Akaifuta moja kwa fulana aliyovaa. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Kisha likatokea: jiji la usiku, majengo, mvua, na katikati jitu langu, jeusi, taa nyekundu machoni, limesimama na mvuke unatoka begani. Nikasahau feni, nikasahau joto. Nikasema kwa sauti, "Mpwa wangu."

Makocha wanane walihamia kioo changu.

"Goli iko wapi?" aliuliza wa kwanza.

"Hakuna goli. Ni vita."

"Njo anachezea timu gani?"

Nikasonga mbele. Jitu likaenda kushoto. Nikalivuta kulia, likaenda kushoto. Maneti ile, kishikio cha kuchezea, imetumikia mpira mpaka kile kidude cha kushoto kimelegea, kwa hiyo shujaa wangu, tumaini la binadamu wote, alizunguka jengo moja la benki bila kusimama, akikwaruza ukuta kwa bega, huku adui amesimama mbali akimsubiri kwa heshima. Mtoto mmoja mdogo, hata meno ya mbele hana, akaweka mkono kwenye goti langu. "Papa," akasema kwa upole wa muuguzi, "mupe pasi mwenzake."

Hapo umeme ukaondoka.

Unajua kutoka mabwawa ya Inga, kule chini ya Kinshasa, kuna njia ya umeme ya kilomita kama 1,700, iliyojengwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuleta nguvu kwenye migodi ya huku. Nyoofu kabisa, inapita juu ya vijiji vyenye koroboi, na inaishia wapi? Kolwezi. Tunao pia Nzilo na Nseke, mabwawa mawili jirani, mto Lualaba unafanya kazi usiku na mchana. Hakuna mtaa duniani wenye haki zaidi ya kucheza mchezo wa roboti mpaka mwisho. Nilikaa gizani na maneti mkononi, ndani yake betri ya lithiamu, na betri za namna hiyo hazipendi kuishi bila kobalti. Nikajiambia huenda jiwe la humu lilitoka chini ya mguu wangu, likaenda bandarini, likavuka bahari, likarudi mpaka Kapata, halafu linageuka kushoto tu. Mwenye ukumbi alikataa kunirudishia faranga. Alisema saa yake ya ukutani inatembea kwa betri, kwa hiyo muda uliendelea kuhesabika.

Mwaka 2025, mwezi wa Februari, serikali iliposimamisha kusafirisha kobalti nje ili bei ipande, nilikuwa labda mtu peke yake Kapata aliyefurahi kwa sababu za fasihi. Nilisubiri wenye viwanda waje kutubembeleza. Nilitayarisha na masharti: maneti mpya kwa kila nyumba, na mbuzi wa mjomba. Oktoba wakaruhusu kusafirisha tena kwa mgao. Mbuzi hakutajwa.

Usifikiri niko peke yangu kabisa katika ukichaa huu. In Koli Jean Bofane, Mkongo mwenzetu, mwaka 2014 alitoa riwaya ya Congo Inc., na shujaa wake ni kijana wa msituni, Isookanga, anayecheza kwenye kompyuta mchezo wa kugombea madini, makampuni kwa makampuni, silaha kwa silaha, mpaka anaondoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta utandawazi wenyewe. Kitabu kilisifiwa Paris. Na kwa Kiswahili hiki tunachokisema, Mkenya Katama Mkangi alishampeleka mtu wake kwenye sayari nyingine katika kitabu cha Walenisi, mwaka 1995, na walimu wanakifundisha bila kuomba radhi. Nilivitaja vyote viwili kwa mwalimu wa sekondari. Akasema ndiyo, lakini hao wana ujumbe. Ujumbe! Jitu la mita 30 linakuja kwako mbio, na wewe unauliza ujumbe.

Msomaji wangu mkali kuliko wote simlipi, nimemwoa. Jioni namsomea sura mpya akiwa anachambua sombe. Hajawahi kuniambia hadithi ni mbaya. Anauliza maswali ya matumizi.

"Iyi roboti inakulaka nini?"

Nikamweleza kuhusu kinu cha nguvu kilicho kifuani. Akauliza kinu kinawashwa na nini. Nikasema jua, na hapo nilikuwa na ushahidi, maana roboti zinazokula jua tunazo Kongo tangu 2013. Injinia Thérèse Izay Kirongozi aliziweka katika njia panda za Kinshasa kuongoza magari: mwili wa alumini, kilo kama 250, zaidi ya mita mbili kwenda juu, kifua kinazunguka, mikono ina taa, kamera machoni, sola kichwani. Dola 27,500 hivi kwa moja. Mwaka 2015 ziliongezeka nyingine na zilikuwa na majina kabisa, Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Wenye magari walizisifu kwa sababu moja kubwa: roboti haikuombi pesa ya sigara. Katika fasihi yote ya dunia, katika majiroboti yote ya kuokoa sayari, sijaona lililopewa kazi ngumu kama ya kumwambia dereva wa Kinshasa asimame.

Mke wangu alisikiliza, akatupa bua.

"Ile ya Kinshasa iko na kazi. Yako inafanyaka kazi gani?"

"Inapigana."

"Na ikimaliza kupigana?"

Sijawahi kuulizwa hivyo na kitabu chochote. Nikajaribu kumpeleka kwenye historia. Go Nagai, aliyemtunga Mazinger Z, amesimulia kwamba wazo la mtu kupanda ndani ya roboti na kuiendesha kama gari lilimjia alipokuwa amekwama kwenye foleni. Alitazama magari mbele yake, akatamani gari moja liote miguu, liruke juu ya mengine. Yaani baba wa majitu yote yanayoendeshwa ni foleni. Basi mke wangu, umeshapanda basi kutoka hapa kwenda Lubumbashi! Umeshakaa nyuma ya malori ya madini, yamepangana kuanzia jua linapochomoza, yanaelekea Kasumbalesa, vumbi limeingia mpaka kwenye mayai ya kuchemsha uliyonunua dirishani. Kama foleni ndiyo inayozaa majiroboti, Nagai angezaliwa Kolwezi angetunga mia.

"Vumbi," akasema. Nilijua nimemfungulia mlango. "Nani atayifulia?"

Kisha likaja swali ambalo limesimamisha kazi yangu mpaka leo. Alitaka kujua jitu likitoka vitani, saa za usiku, litalala wapi.

Mwandishi wa Tokyo hana shida hiyo. Huko jitu lina maficho chini ya ziwa, maji yanafunguka, linashuka taratibu, mafundi wenye mavazi meupe wanalipokea. Mimi ziwa ninalo, Malo, lakini ukifika pale saa yoyote utakuta watu wanaosha mawe mpaka kiunoni, na maji yakifunguka tu watashuka nalo waone kuna nini huko chini. Nikaliweka uwanjani nyuma ya nyumba zetu, nikaandika kwamba liliketi chini ya mbalamwezi, limechoka, taa za macho zimefifia. Nikaenda kulala nimeridhika.

Mke wangu akauliza asubuhi: "Na nyaya?"

Alikuwa na haki zake zote. Hapa kebo ya shaba inaondoka kwenye nguzo ikiwa na umeme ndani. Pampu ya maji inalindwa na mtu, na mtu analindwa na mbwa. Jitu la mita 30 lina kilomita ngapi za shaba mwilini? Betri zake zina kobalti ya magunia mangapi? Adui kutoka angani, mwenye meli elfu, alishindwa kulikwaruza katika sura nzima. Kapata ingelimaliza kabla jogoo hajawika, kimyakimya, kwa nyundo zilizofungwa matambara, na asubuhi dereva angeamka ameketi kwenye kiti peke yake. Nikaweka walinzi. Mke wangu akacheka mpaka akaweka chini mwiko. Nikaliinua, nikaliandika limesimama wima usiku kucha lisiguswe, na mtoto wetu wa pili, aliyekuwa anafanya zoezi la hesabu, akasema bila kuinua kichwa kwamba watachimba chini ya miguu. Kweli watachimba. Kitu kizito hivyo kikisimama mahali pamoja, lazima kuna kinachokishikilia, na mtu wa hapa hawezi kukiacha bila kujua ni nini.

Mtu wa kwanza kuichukua sura hiyo kwa uzito ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia. Ana depo la kununulia madini: turubai, mzani, daftari la mistari, na ile mashine ya mkononi ya kupimia asilimia wanayoiita Metorex. Alikuja Jumapili ameshika kitabu changu, pembe za kurasa zimekunjwa. Nikampa kiti. Maisha yangu yote nimemngoja msomaji aliyekunja pembe za kurasa.

"Papa mwandishi," akasema, "huyu mguu uliokatika kwenye vita, wa kushoto. Ulibaki wapi?"

"Uliangukia huku, kati ya Kapata na Luilu."

"Uko na uzito gani?"

Nikamwambia tani 40. Akaandika.

"Njo chuma gani?"

Nilimweleza kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kuuliza: mchanganyiko wa shaba na kobalti, umeyeyushwa kwa moto wa nyota. Moto wa nyota hakuuandika.

"Kobalti asilimia ngapi?"

Sikuwa nimefikiria. Nikasema tatu.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kwa tatu, alisema, hawezi kunipa bei ya maana, usafiri peke yake utakula faida. Akaniomba niandike saba. Nikamwambia hadithi ni hadithi, ila ina heshima yake, siwezi kupandisha kobalti hovyo katikati ya kitabu. Mke wangu aliyekuwa anasonga bukari akamwita kutoka jikoni, akamwambia kwanza ataje bei, asilimia tutaiangalia baadaye. Walipatana kwenye tano. Naambiwa nilete mguu wa kulia sura ijayo.